Joki wa Mbio za Farasi Mmoja

Mwaka 2014, Sydney nzima, joki wa kuruka viunzi alikuwa mmoja tu. Msibishe. Majoki wa kukimbia walikuwa kibao, wale vijana wembamba wa kwenye televisheni wenye suruali nyeupe, kazi yao kuinama juu ya farasi na kuzunguka uwanja kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Hao tuwaache. Joki wa kuruka, yule anayempeleka farasi mbio kwenye ukuta wa matawi na kumwambia pita juu, huyo alikuwa mmoja, alikuwa anakaa Mount Druitt, alikuwa Mkongomani wa Goma, aliitwa Akilimali, na kupanda farasi alikuwa hajui.

Alikuwa mfupi. Si ufupi wa kuonewa huruma, ni ufupi wa kazi, kama msumari. Na kazi yake kwao ilikuwa chukudu. Kama hujui chukudu usijisikie vibaya, hata mkalimani Douglas hakujua, na Douglas alikuwa analipwa ili ajue. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, isiyo na kiti, isiyo na aibu. Ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani kama pembe za ng'ombe. Unaipakia viazi, makabichi, makaa, siku nyingine shangazi na kitanda chake. Unaweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma, na kutoka Kibumba hadi Goma mjini kazi iliyobaki inafanywa na mteremko. Breki ni kisigino chako na huruma ya Mungu. Sasa barabara za kule zilimwagiwa volkano, zimejaa mawe meusi makali, na chukudu iliyojaa viazi haikwepi jiwe. Inaruka. Akilimali alikuwa fundi wa kuirusha. Vijana wakishindana kushuka, yeye anafika sokoni wa kwanza, kabichi zote bado za duara, wenzake wanafika na kachumbari.

Vita vikamtoa Goma, kambi ya Uganda ikamkalisha miaka, halafu ndege ikamshusha Sydney. Mount Druitt akapata chumba, akapata kanisa, na kanisani akamwona Goreth akipanga viti. Akili ikaishia hapo. Mali hakuwa nayo tangu mwanzo, kwa hiyo jina lote likawa limekwisha.

Goreth alikuwa Mrundi, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anaongea haraka na kucheka haraka zaidi. Baba yake, Mzee Nduwimana, ndiye aliyeongoza kwaya. Akiimba besi, viti vya plastiki vinatembea. Akilimali alipotuma watu wakapige hodi kwa ajili ya binti, mzee alijibu neno moja tu.

"Anafanya kazi gani?"

Wakasema bado anatafuta.

"Basi na mimi bado natafuta mkwe," akasema, akawapa chai, akawafungulia mlango.

Ndiyo sababu Akilimali akaenda mbio kwenye ile ofisi ya kutafutia watu kazi. Alikaa mbele ya mama mmoja mwenye miwani na kompyuta. Katikati ya meza kulikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na mkalimani. Mkalimani mwenyewe ndiye Douglas, Mkenya wa Nakuru, ambaye saa ile alikuwa ameketi ndani ya gari lake Bankstown, kwenye maegesho ya madukani, anamsubiri mke wake na mifuko. Douglas aliwaambia waliomwajiri kwamba yeye Kiswahili anakimaliza chote, Lamu hadi Lubumbashi. Mkenya wa Nakuru! Lakini Wazungu watajuaje.

"Muulize kwao alikuwa anafanya kazi gani," akasema mama wa miwani.

"Buda, kule kwenu ulikuwa unafanya job gani?" simu ikauliza.

"Mi nilikuwa mutu ya chukudu."

Kwenye simu zikasikika tu troli za madukani zikigongana. Douglas neno hilo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe, lakini kusema hajui ilikuwa sawa na kuvua suruali pale pale maegesho.

"Chukudu, eeh. Chukudu," akasema, kama mtu anayeonja supu. "Hebu nieleze kidogo, nipate picha vizuri."

"Iko sawa na punda. Njo punda yetu ya Goma. Unapanda, inashuka mulima mbio mbio, inaruka majiwe. Tulikuwa tunashindana. Mi niliwashinda bote."

Mtu mwingine angesema punda ni punda, tukamaliza, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Douglas alijiona mjanja. Zamani alipanga nyumba moja na Mkongomani mmoja, Trésor, ambaye siku moja mbio za farasi zikiwa kwenye televisheni aliruka kwenye kochi akapiga kelele, "Angalia ile punda nyeusi, inabapita bote!" Tangu hapo Douglas akawa na siri yake: Wakongomani wakisema punda, wanamaanisha farasi. Na siri ni ya kweli kabisa. Ila siku hiyo iliingia mlango usio wake. Anapanda farasi, anaruka, anashindana, anashinda. Sasa huyo si mtu wa chukudu, huyo ni...

"Joki, madam," Douglas akasema kwa Kiingereza cha kujiamini. "Joki wa mbio za kuruka. Na kwao alikuwa bingwa."

Yule mama akavua miwani. Akamkagua Akilimali kuanzia kichwani hadi viatuni, safari fupi, akaona kila kitu kinakubaliana. Akaanza kubonyeza kompyuta kwa furaha ya mtu ambaye tangu Jumatatu amepeleka watu kwenye kiwanda cha kuku tu.

Wiki iliyofuata Akilimali alipanda treni hadi Blacktown, akabadili ya Richmond, na kule mwisho wa reli akakuta mzee mwenye pickup anamsubiri. Huyo ndiye Rufus. Miguu yake ilikuwa imepinda duara, unapitisha mbuzi katikati bila kumgusa. Baba yake alifuga farasi wa kuruka, babu yake pia, na yeye mwenyewe aliruka mpaka mifupa ikakataa. Halafu serikali ya jimbo lile ikapiga marufuku mbio za kuruka, kwa sababu farasi walikuwa wanavunjika. Jimbo la jirani wanaruka mpaka leo, upande huu ukishindanisha farasi kuruka ni kesi. Ilikuwa imepita miaka mingi, lakini Rufus alikuwa bado hajawasemehe. Kwenye shamba lake alibaki na farasi mmoja wa kuruka, mkubwa, rangi ya majivu, uso wa kudharau. Jina lake Bishop.

Siku ya kwanza Akilimali alipewa sepeto na kinyesi, akashukuru Mungu. Hiyo kazi aliielewa. Jioni akampigia Goreth simu.

"Goreth, 'bishop' njo nini?"

"Askofu."

"Askofu wa kanisa?"

"Unamjua mwingine? Kwani vipi?"

"Banataka nimukalie."

Goreth alicheka mpaka mzee mmoja pale kazini akabonyeza kengele akidhani kuna dharura. Kesho yake Akilimali aliingia bandani kwa adabu, akavua kofia, akasema, "Bonjour, Monseigneur." Rufus alikuwa nje ya mlango anasikia. Kifaransa! Nywele zikamsimama. Kumbe kijana hakufundishwa kuruka hivi hivi tu, alipitia mikononi mwa Wafaransa, na Wafaransa kwa kuruka na farasi Rufus aliwaogopa kama mitume. Kuanzia siku hiyo akawa hamwiti Akilimali jina, anamwita bwana.

Akilimali alijaribu kukataa. Msimwone mwongo. Tatizo Kiingereza chake kilikuwa kimesimama kwenye "yes", "thank you" na "no worries", na kwa maneno hayo matatu huwezi kukataa kitu, unaweza kukubali tu. Rufus akampeleka kuona kiunzi, ukuta wa matawi yaliyofungwa pamoja, unamfika Akilimali kifuani. Akilimali akauangalia, akatikisa kichwa pole pole, maana alikuwa anaona mahali watakapoweka msalaba.

"Kifupi, eh?" akasema Rufus. "Nilijua tu." Akaongeza matawi.

Akilimali akatikisa kichwa tena. Rufus akaongeza tena. Ikabidi Akilimali aache kutikisa kichwa, la sivyo wangeomba ruhusa ya uwanja wa ndege.

Kilichomwokoa ni mguu wa Bishop. Farasi alikuwa anauguza mshipa, daktari wake akasema asipandwe hadi majira ya baridi. Kwa hiyo miezi ikapita, Akilimali anafagia, anabeba nyasi, anamsugua Askofu mgongo na kumsimulia habari za Goma, Rufus anatazama kwa mbali na kumwambia jirani yake, "Unamwona? Hampandi kwanza. Anamsikiliza." Mtu akinyamaza kwa sababu hana lugha, kuna watu watamwita mjinga na kuna watu watamwita profesa. Akilimali alibahatika kuangukia kwa hawa wa pili, kama hiyo ni bahati.

Habari ikafika Mount Druitt. Nani aliifikisha haijulikani, lakini Jumapili moja baada ya ibada Mzee Nduwimana alimshika Akilimali bega mbele ya kwaya nzima.

"Kumbe wewe ni joki! Na umekaa hapa kimya kama gunia!"

"Papa, hapana. Mi niko mutu ya chukudu."

"Mnaona?" mzee akawageukia watu. "Mnaona unyenyekevu? Angekuwa mwingine angeshatuchapishia fulana."

Mara ya pili Akilimali alimfuata nyumbani kabisa, akaketi, akaeleza chukudu kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mzee alisikiliza kwa makini, halafu akasema, "Kwa hiyo ulianza na za mbao, za kujifunzia. Vizuri sana. Mtoto anaanza na cha mbao." Mara ya tatu alimtuma Goreth mwenyewe. Goreth akamwonyesha baba yake video ya chukudu kwenye simu. Mzee akaitazama video yote, akarudisha simu.

"Hawa ni wengine," akasema. "Huyu wetu Mzungu amemkabidhi farasi. Mzungu gani anakabidhi farasi mtu wa mbao?"

Goreth akachukua simu yake, akaenda jikoni.

Mzee akaendelea kutangaza. Aliwatangazia Warundi, akawatangazia Wakongomani wa Bankstown, akamtangazia Mvietnamu anayemuuzia samaki Cabramatta. Alipokwisha kutangaza hadi mwisho wa reli, akamwita Akilimali, akaongea kwa ile sauti ya kusogeza viti.

"Nimekubali. Goreth utapewa. Lakini mimi nimekwisha kuwaambia watu wote, na watu wananiuliza, umemwona akiruka? Sasa nataka nimwone kwa macho haya. Ukiruka, wewe ni mkwe wangu. Usiporuka, tusijuane, hata salamu ya kanisani usinipe."

Na pale, ndugu zangu, Akilimali akaacha kukataa. Aliukataa ujoki mara tatu, na mara ya nne akasema, "Sawa, Papa." Ungeukataa na wewe tuone, huku ukimwona Goreth anapita nje ya dirisha na kapu la nguo.

Kule shambani mguu wa Bishop ukapona, Rufus akawaka. Usiku halali, anasoma sheria. Asubuhi moja akaja anakimbia kwa miguu yake ya duara, karatasi mkononi. Alikuwa amegundua kitu. Sheria inakataza kushindanisha farasi kuruka. Farasi! Wengi! Akiwa mmoja hashindani na mtu, huyo anafanya mazoezi. Kwa hiyo Rufus akaandaa mbio za kuruka za kwanza kuonekana pande zile tangu marufuku: mbio za farasi mmoja. Viunzi vitatu, bendera ya kuanzia, kamba ya kumalizia, kombe lililojazwa maua, na jirani yake mwenye kipaza sauti atakayetangaza nani anaongoza.

"Haiwezekani ukashindwa, bwana," akamwambia Akilimali. "Upo peke yako."

"No worries," akasema Akilimali, akaenda bandani kumwomba Askofu amwombee.

Jumamosi ya Julai, baridi ya kuuma masikio, magari yakajipanga uwanjani. Majirani wa Rufus walikuja na viti vya kukunja. Kwaya ya Mount Druitt ilikuja na basi dogo na masufuria ya pilau. Mzee Nduwimana alivaa suti, akakaa mstari wa mbele, Goreth pembeni yake amefunika uso kwa mitandio. Mama wa miwani naye alikuja, maana alitaka kuona mtu mmoja aliyemtafutia kazi akaipenda, na ili waelewane akaja na mkalimani wake. Mara hii Douglas alitoka ndani ya simu, mzima mzima, na koti la ngozi.

Akilimali alipandishwa juu ya Bishop na watu wawili, kama kabati. Rufus aliona hilo, akajiambia Wafaransa ndivyo wafanyavyo. Bendera ikashuka. Bishop akaondoka.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Farasi anakimbia, mtu yupo juu, kipaza sauti kinasema, "Bishop anaongoza." Lakini mapaja ya Akilimali yalikuwa hayajawahi kufunguliwa upana ule. Yakaomba msaada, na mwili ukaenda kuchukua kitu kimoja unachokijua. Mguu wa kulia ukatoka kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukapanda, na goti likatua juu ya tandiko. Goti moja juu, mguu wa pili unaning'inia, mikono imeshika masikio ya farasi kama usukani. Mguu ule wa chini ukaanza kusukuma hewa.

"Anafanya nini?" jirani mmoja akamuuliza Rufus.

Rufus machozi yalikuwa yanamtoka. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuona."

Kiunzi cha kwanza kikaja. Bishop akakitazama, akakumbuka umri wake, akasimama. Akilimali hakusimama. Alipita juu ya masikio, akapita juu ya matawi, mikono imetanuka, akatua upande wa pili kwenye matope. Bishop akazunguka pembeni kwa heshima zote, akaja akasimama karibu naye.

"Ameruka!" Mzee Nduwimana akasimama kwenye kiti. "Mmeona? Ameruka!"

Mama wa kwaya, Spéciose, akapiga vigelegele, kwaya nzima ikadaka. Mzee hakuwahi kuona mbio za kuruka maisha yake. Aliambiwa joki wa kuruka, ameona joki ameruka. Wewe ulitaka aone nini tena?

"Baba, anayetakiwa kuruka ni farasi," Goreth akamwambia ndani ya mitandio.

"Farasi aruke ana kazi gani? Joki ni farasi?"

Majirani wa Rufus wakabaki midomo wazi, wanasikia vigelegele, wanaangaliana, mwisho na wao wakapiga makofi wasije wakaonekana washamba. Akilimali, tope hadi kwenye meno, alimwona mzee amesimama juu ya kiti anashangilia. Akampanda tena Bishop, safari hii peke yake, kwa kuparamia. Kiunzi cha pili, hadithi ile ile: farasi breki, joki hewani, vigelegele. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. "Bishop bado anaongoza," ikasema, "kwa sababu ya... kwa sababu ya kuwa ni Bishop."

Kwenda kiunzi cha tatu ndipo Askofu akaamua kuonyesha kwamba ujana aliwahi kuwa nao. Akakusanya mwili, akaruka. Aliruka kweli, mrefu, mzuri, Rufus akavua kofia. Akilimali, aliyekuwa amejiandaa kwa breki, tayari ameinama mbele kurushwa, akabaki nyuma. Farasi alipita chini yake kama mtu anayekuvutia kiti. Akatua kwa bega juu ya matawi, bega likalia "ko", na Bishop akaendelea peke yake, akavuka kamba, akaanza kula maua ya kwenye kombe.

Akilimali akanyanyuka. Mkono mmoja umening'inia, akakimbia. Kwa nini alikimbia hata yeye hakujua, ila kule mwisho alikuwa anaiona suti ya mzee. Akavuka kamba, akaanguka.

Kipaza sauti kikakohoa. "Wa kwanza, Bishop," kikasema. "Wa pili... bwana Akilimali." Kikafikiri kidogo. "Wa tatu hakuna."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye historia, mtu wa kwanza kushika nafasi ya pili kwenye mbio za farasi mmoja. Ajitokeze mwingine aliyeweza.

Watu wakamzunguka. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, unaonekana chini ya fulana kama kijiti. Rufus akapiga magoti, anaongea haraka, na mama wa miwani akamsukuma Douglas mbele.

"Boss, pole sana," Douglas akasema. "Wanauliza unasikia maumivu wapi."

Akilimali akafumbua macho. Alimtazama Douglas muda mrefu.

"Sauti hii ninaijua," akasema. "Weye njo mutu ya ndani ya simu."

"Mimi? Apana, buda. Simu ni nyingi."

"Ni weye. Baambie. Baambie mi sikukuwa joki. Mi nilisema chukudu, weye ukasema joki. Baambie sasa hivi."

Rufus anamtazama, mama wa miwani anamtazama, majirani wote na viti vyao wanamtazama.

"Anasema," Douglas akawaambia kwa Kiingereza, "ardhi ni ngumu."

"Hajasema hivyo," sauti ikatoka nyuma, kwa Kiingereza. Goreth alikuwa amefungua mitandio. "Amesema hajawahi kupanda farasi. Kwao alikuwa anaendesha baiskeli ya mbao. Amesema wewe ndiye uliyetafsiri vibaya, na unatafsiri vibaya hata sasa hivi, na mimi nakuona."

Douglas akajaribu kucheka, akakuta hakuna wa kumsaidia. "Chukudu! Sasa hiyo ni neno?" akalalamika. "Mtu anaweza kujua aje hiyo? Aki ya nani, hata kwa kamusi haiko."

Rufus akabaki amepiga magoti. Akamwangalia Akilimali, akaviangalia viunzi vyake vitatu, ambavyo yeye mwenyewe aliviongeza matawi kwa mkono wake. Halafu akauliza kitu kimoja, Goreth akatafsiri.

"Anauliza, hujawahi kabisa? Hata siku moja?"

"Leo njo ya kwanza."

Rufus akaangua kicheko, kicheko cha mzee ambaye hajacheka tangu serikali imfungie, akakaa kwenye matope kabisa. "Kiunzi cha pili," akasema katikati ya kucheka, "alipanda tena. Kile cha kwanza ningemwelewa mtu yeyote. Cha pili alipanda tena!"

Lakini Akilimali hakuwa anamsikiliza Rufus. Alikuwa anaitazama suti. Mzee Nduwimana alikuwa amesimama, uso umefungwa kama duka siku ya Krismasi. Ameshasikia yote, kwa Kiswahili, bila mkalimani.

"Papa," akasema Akilimali, "nisamehe. Nilikuambia mara tatu."

"Uliniambia," mzee akakubali. "Ukaniambia nyumbani kwangu, kwenye kiti changu. Na binti akaniletea video." Akageuka akawaangalia wana kwaya, wenye mabakuli ya pilau, watu wa Bankstown waliotoka asubuhi na giza, wote kwa sababu ya mdomo wake. Akarudi kuinama karibu kabisa na sikio la Akilimali, akanong'ona, ila kunong'ona kwa besi hata farasi alisikia.

"Sikiliza, mwanangu. Nilisema ukiruka. Umeruka mara ngapi?"

"Mbili, Papa. Ya tatu nilianguka tu."

"Mbili zinatosha. Hao waliokuja wameona mtu ameruka. Mimi nimewaambia joki, na wewe utakuwa joki. Mpaka harusi ipite, mpaka wajukuu, nikikusikia kanisani unataja tena yale mambo ya mbao, namrudisha binti yangu. Tumeelewana?"

"Papa, mwanzo ulikataa kuamini ukweli, na sasa..."

"Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Papa."

Mzee akasimama wima, akakung'uta suti, akawageukia watu na mikono juu. "Ni bega tu!" akatangaza. "Majoki wote huvunjika bega!" Spéciose akapiga kigelegele, mzigo ukamshuka kila mtu, hata Douglas, aliyetumia nafasi hiyo kuelekea taratibu kwenye pilau.

Ilibaki kusubiri gari la wagonjwa. Goreth akachuchumaa pale kwenye matope, akamfunga Akilimali mkono kwa mtandio wake mmoja, anavuta fundo kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Aii! Goreth!"

"Nyamaza. Baba ameamua, wewe umeamua, yule mzee wa farasi naye kacheka kaamua. Mimi nani ameniuliza?"

Kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Katika mipango yote ile, posa, mbio, viunzi, kombe, swali lenyewe lilisahauliwa nyumbani.

"Basi ninakuuliza," akasema. "Utanipenda? Mi si joki, na chukudu njo bamenikataza."

Goreth alimaliza fundo kwanza.

"Mimi nikitoka kazini zamu ya jioni," akasema, "basi linakuja likijisikia. Nasimama pale kituoni Mount Druitt, mvua yangu, baridi yangu. Kila mwanaume anayenitaka ananiambia alikuwa nani kwao. Mmoja alikuwa chifu. Mmoja alikuwa mpiga gitaa. Wewe wamekufanya joki. Sitaki joki, Akilimali. Sitaki mtu wa kuruka. Nataka mtu mwenye leseni ya gari, aje anichukue, heater imewashwa. Utajifunza?"

Akilimali akafikiria kwa makini, kama inavyomfaa mtu aliyelala chini.

"Gari, inapandwa namna gani?"

"Unafungua mlango, unakaa."

"Inaruka?"

"Hairuki kitu."

"Basi niandikishe," akasema. "Hata kesho."